Ghala limejaa, mteja anarudi mikono mitupu: kusaka tatizo la mipango linalozunguka kati ya idara

Jumanne moja ya mwezi wa pili, fuso mbili zilikuwa zimeegeshwa getini kwa kinu chetu cha mahindi Iyunga, Mbeya, tangu alfajiri, zikisubiri sembe ya mifuko ya kilo 5. Ndani ya ghala, viroba vya kilo 25 vilikuwa vimepangwa karibu viguse bati. Utingo mmoja akachungulia mlangoni, akauliza, "Sasa hiyo si sembe?" Meneja mauzo akaenda kinuni kufoka. Kinuni wakasema mifuko ya kilo 5 imeisha, waulizwe ununuzi. Ununuzi wakasema LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, waliitoa wiki tatu nyuma, uhasibu ndio hawajatoa malipo ya awali. Mhasibu wetu, mama asiyependa makelele, akafungua faili taratibu. "Pesa ya mifuko iko Tunduma kwa mawakala wenu, walichukua mzigo kwa mali kauli. Waidai mauzo, nami nitalipa leo leo." Tukawa tumerudi pale pale tulipoanzia.

Ukiwa umefanya kazi kwenye kiwanda cha ukubwa wa kati kuanzia Iringa mpaka Tunduma, mzunguko huo unaujua. Mifano yangu ni ya kinu cha mahindi kwa sababu ndiko nilikopangia mipango, ila anayekoboa mpunga wa Mbarali au anayepaki viazi vya Njombe atajiona humu. Nitakwenda dalili kwa dalili. Kitu kimoja tu nakuomba ushike njia nzima: usianze kupekua idara inayolalamika. Hiyo ndiyo iliyoumia. Aliyeikanyaga mara nyingi yuko idara mbili au tatu nyuma, na huenda hajui kama amekanyaga mtu.

Kabla ya dalili yoyote: mnaongelea kipimo kimoja?

Waite watu wanne chumbani, uwaulize tuna mzigo kiasi gani. Mauzo atajibu kwa mifuko, kinuni kwa tani, ununuzi kwa magunia, mhasibu kwa shilingi. Wote wanaweza kuwa sahihi na bado wakagombana hadi saa sita.

Gunia ndilo baya zaidi. Kuna gunia la debe sita, kuna la debe saba, na kuna lumbesa lenye kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo hawachoki kulipiga vita na bado linapita. Mnunuzi akiandika "magunia 300 kutoka Mbozi", hiyo ni idadi ya vifurushi, uzito hujaambiwa. Kilo za kwenye mizani yenu ndizo ziingie kwenye karatasi zote. Mwenye kutaka mifuko au shilingi azigeuze mwenyewe mezani kwake.

Halafu ingia ghalani na daftari la stoo mkononi. Chagua bidhaa tano, uzihesabu kwa macho. Kama mbili kati ya tano hazilingani na daftari, acha kusoma mwongozo huu kwa sasa, karekebishe hesabu ya stoo kwanza. Mpango uliojengwa juu ya namba za uongo utakupa majibu ya uongo yenye sura nzuri.

Dalili: ghala limejaa, lakini kinachotakiwa hakipo

Hii ndiyo ya fuso zetu mbili, na ina vyanzo vitatu vinavyofanana sura.

Cha kwanza ni namna kinu kinavyopimwa. Kama msimamizi wa zamu anasifiwa kwa tani, atapaki kilo 25 na 50 kila akipata upenyo, kwa sababu kupaki kilo 5 kunakula muda, mikono na nyuzi. Wala si mkaidi, anafanya alichoambiwa ndicho kazi nzuri. Utamjua kwa kuweka oda za wiki nane zilizopita kwa ukubwa wa mfuko upande mmoja, na uzalishaji wa wiki hizo hizo upande wa pili. Jumla zikikaribiana lakini mgawanyo ukatofautiana, kinu kinafanya kazi kwa kipimo chake, oda hakiioni.

Cha pili ni mzigo ulioahidiwa. Niliwahi kumwonyesha mtunza stoo lundo la viroba nikamwambia avitoe kwa mteja wa Chunya. Akaniangalia kwa huruma: "Mzee, hivyo vina wenyewe." Vilikuwa vya shule ya bweni iliyokwishalipa. Kwenye kompyuta vilionekana stoki huru, kwa sababu mauzo huandika tu siku mzigo unapotoka. Tiba ni safu moja ya ziada kwenye daftari: kilichopo, kilichoahidiwa, kilichobaki. Mauzo auze kutoka safu ya tatu peke yake.

Cha tatu kimejificha zaidi, na kilitutesa karibu mwaka mzima kabla hatujakiona. Rekodi ya mauzo inaonyesha ulichouza. Haionyeshi ulichoombwa ukakosa. Mifuko ya kilo 5 ikikosekana wiki tatu, rekodi itasema kwa wiki tatu hakuna aliyetaka kilo 5. Mpangaji anayetegemea rekodi hiyo ataagiza mifuko michache zaidi, itaisha mapema zaidi, na rekodi itamthibitishia kwamba alipatia. Sisi tulifunga daftari la shule la kurasa 96 kwa kamba pale dirisha la mauzo, limeandikwa juu "TULIKOSA". Mteja akiondoka bila mzigo anaandikwa: tarehe, ukubwa, kilo. Mwezi wa kwanza tu lilibadilisha mpango wetu kuliko ripoti zote za kompyuta. Ugumu wake ni kwamba wauzaji hawapendi kuliandika, wanahisi linawasema wao. Wasomee kikaoni kama taarifa, usiligeuze hati ya mashtaka.

Dalili: oda zinapanda ghafla, mnakimbizana, halafu zinakufa

Duka moja Mwanjelwa linauza mifuko 10 kwa siku. Wiki hii linauza 12 kwa siku. Mwenye duka anaagiza 15, mbili za kujazia na tatu za akiba. Wakala mwenye maduka kumi ya namna hiyo anaona oda ya 150 badala ya 100, naye anaagiza 200 asije akaumbuka. Ununuzi wenu wakiona 200 wanaagiza vifungashio vya 300. Waliokula ugali wamekula mifuko 120.

Jambo hili lina historia ndefu. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, aliliandikia mwaka 1958, akionyesha jinsi badiliko dogo dukani linavyovimba kadiri linavyorudi nyuma kuelekea kiwandani. Baadaye likapewa jina la mjeledi wa mchunga ng'ombe: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Wiki mbili baadaye wakala ana mzigo wa kumtosha mwezi, simu yake inanyamaza, na nyinyi mnadhani mshindani amewaibia soko.

Kinachouma ni kwamba sehemu kubwa ya mjeledi huo tunautikisa wenyewe. Punguzo la bei la mwisho wa mwezi ni mfano wa wazi. Meneja mauzo anatafuta kufikisha lengo, anatoa ofa tarehe 27, mawakala wanajaza stoo, na kuanzia tarehe 3 hakuna anayepokea simu. Ukichora oda zako kwa siku ukaona nundu kila mwisho wa mwezi, hiyo nundu haikutoka kwa mlaji. Ni ya kwenu.

Mgao ni mwingine. Mzigo ukiwa mchache tulikuwa tunampa kila wakala nusu ya alichoomba, tukijiona tumetenda haki. Siku moja wakala wa Tunduma akanipigia. "Kaka, shikamoo ya kazi. Nikiomba mia mbili mnanipa mia. Sasa niambie ukweli, niombe ngapi ili nipate mia mbili?" Tulikuwa tumewafundisha kudanganya. Toka siku hiyo mgao ukafuata wastani wa alichouza miezi mitatu iliyopita, oda ya siku hiyo hatukuitazama.

Tiba kubwa kuliko zote ni kupata namba ya mlaji badala ya oda ya wakala. Kila Jumamosi jioni wakala anatuma ujumbe mfupi wenye namba mbili: nimeuza kilo kadhaa, nimebakiwa na kilo kadhaa. Mawakala wakubwa wanane kati ya ishirini na kitu walitutosha. Hao wengine waache, usijenge mfumo wa kumridhisha kila mtu.

Dalili: kinu kinasimama kwa kukosa mahindi, au pesa ya mahindi

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zina tabia yake, na anayeleta mpango ulioandikwa Dar es Salaam atakwama. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza karibu Novemba mpaka Aprili au Mei. Mahindi makavu yanaingia sokoni kuanzia Mei, yanajaa Juni hadi Agosti, na bei inakuwa chini. Miezi hiyo hiyo, familia nyingi za vijijini na hata za mjini zenye shamba zinasaga mahindi yao kwenye mashine ya mtaani, kwa hiyo sembe ya kiwandani inalala. Januari mpaka Machi mambo yanageuka: stoo za nyumbani zimeisha, sembe inatoka kama maji, na mahindi yako juu.

Ukiyaweka kwenye karatasi moja utaona tatizo liliko. Ununuzi anahitaji pesa nyingi kuliko wakati wowote pale pale mauzo yanapoleta pesa kidogo kuliko wakati wowote. Mhasibu anayepanga mwezi kwa mwezi atamwambia mnunuzi Juni, "Hatuna," na atakuwa anasema kweli. Kosa lilifanyika Februari, pesa ya msimu mzuri ilipotumika bila mtu kuuliza ya Juni itatoka wapi. Ndiyo maana kikao cha kupanga manunuzi ya mahindi kinapaswa kufanyika Februari. Mei mmeshachelewa, hapo hata benki wanaona mmekuja mbio. Mnunuzi naye awe na masikio nje: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukifungua ununuzi Makambako, au mpaka ukichangamka Tunduma na Kasumulu, bei aliyoiweka kwenye bajeti imeshakufa.

Kuna ugomvi mdogo ndani ya huu mkubwa ambao umewahi kumfukuzisha kazi mtu asiye na hatia. Mahindi ya Mei na Juni yanakuja yakiwa bado na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka usizidi asilimia 13.5. Chukua tani 100 zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 16. Ndani yake kitu kikavu ni tani 84. Zikikauka hadi asilimia 13.5, uzito unabaki tani 97.1 hivi. Karibu tani tatu zimekwenda hewani kama mvuke. Mhasibu ana ankara ya tani 100, stoo ina 97, na mtunza stoo anaitwa ofisini. Andikeni unyevu kwenye hati ya kupokelea mzigo, kila gari, na fomula hiyo ibandikwe ukutani uhasibu. Na yasiyokaushwa yasipangwe ghalani kwa kuwa tu mnunuzi anasifiwa kwa bei ya chini, yatapata joto, yatavunda, na sumukuvu haiondoki kwa kukoboa peke yake.

Jambo la haraka kuhusu kinu: jueni kiwango chenu cha kutoa sembe. Kama tani 100 za mahindi zinawapa 75 za sembe, oda ya tani 30 inataka mahindi tani 40. Nimeona mpango uliodhani 30 zinatoka kwenye 30. Mwaka mzima walishangaa wanaishiwa kila tarehe 22.

Dalili: kitu cha bei ndogo kinasimamisha kiwanda

Mifuko iliyochapwa, uzi, virutubishi vya kuchanganya kwenye unga. Vyote vinapanda kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na njia ya kawaida ya malori ni moja: Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako. Lori likilala vibaya kwenye mlima wa Kitonga, nyuma yake wote wanalala.

Kosa la kawaida ni kupanga kwa wastani. Mnatumia mifuko 1,200 kwa siku, mzigo kwa kawaida unachukua siku 9, basi mnaagiza ikibaki 10,800. Fungua faili la LPO za mwaka uliopita. Utakuta zipo zilizochukua siku 7 na ipo iliyochukua 20. Kwa oda hiyo ya siku 20, ulihitaji mifuko 24,000. Hesabu ya kumwonyesha mhasibu ni nyepesi: mifuko 13,200 ya ziada inakula shilingi ngapi, na siku moja ya kinu kusimama, huku vibarua wanalipwa na wateja wanahama, inakula shilingi ngapi. Kwa vitu vya namna hii jibu karibu kila mara ni kuweka akiba. Kwa mahindi ya Februari si hivyo, kwa hiyo usiigeuze sheria ya ghala zima.

Angalia pia kama siku hizo 20 zilipotelea barabarani kweli. Kwenye faili letu, nyingi zilipotelea kati ya meza ya ununuzi na meza ya malipo, umbali wa kama mita kumi na mbili.

Dalili: gari linaondoka nusu, au halipatikani

Hili ni fupi. Kama msafirishaji anajua oda saa kumi jioni kwa ajili ya kesho, atachukua gari lolote kwa bei yoyote. Akiziona siku tatu mapema ataunganisha za Kyela na za Tukuyu, na atapata malori yanayorudi matupu. Msimu wa mavuno kila mtu anatafuta lori, hivyo miadi ya Julai iwekwe Mei.

Dalili: kila idara ina ripoti nzuri, kampuni haina pesa

Ununuzi ameshusha bei ya mfuko kwa kuagiza ya mwaka mzima, halafu lebo ikabadilishwa. Mauzo amevuka lengo la tani, kwa mali kauli. Kinu kimevunja rekodi ya zamu kwa viroba visivyo na mteja. Uhasibu salio la benki linapendeza kwa sababu wenye mifuko hawajalipwa, nao sasa wanatuweka mwisho wa foleni yao. Hakuna mvivu hapo.

Mwelekeo wangu, na najua wapo wasiokubali, ni kutofuta malengo ya idara bali kumfunga kila mkuu kwa lengo moja la jirani yake. Mauzo apimwe pia kwa madeni yaliyokusanywa. Kinu kipimwe kwa kutimiza mgawanyo wa mifuko uliopangwa. Ununuzi apimwe kwa siku ambazo kinu hakikusimama. Uhasibu apimwe kwa kulipa LPO zilizopitishwa ndani ya siku mlizokubaliana. Ununuzi kwetu walinung'unika miezi miwili.

Dalili: kikao kipo kila wiki na hakuna kinachobadilika

Uliza maswali matatu. Je, kikao kinaanza na namba za wiki iliyopita, tulipanga nini na kilitokea nini? Je, yupo mwenye kauli ya mwisho idara zikishindana? Je, mpango wa wiki ijayo ukishapita, unaweza kuvunjwa kwa simu ya mtu mmoja Jumatano?

La tatu ndilo linaloua vikao vingi. Sisi tuligawa: wiki ijayo imefungwa, ya pili inabadilishwa kwa makubaliano ya mauzo na kinu, ya tatu na ya nne ni makadirio tu. Jumatatu saa mbili asubuhi, dakika arobaini, karatasi moja ya Eksel. Makadirio ya mauzo yakikosea wiki moja juu na wiki moja chini, ni hali ya dunia. Yakikosea upande ule ule wiki sita mfululizo, kuna mtu anaongeza chumvi, ama anaogopa kukosa mzigo ama anaogopa kupewa lengo kubwa. Zungumza naye pembeni, si mbele ya watu.

Kuhusu programu za kompyuta za mipango: wauzaji wake watakuja, wana slaidi nzuri. Karatasi yenu ikiwashinda, programu nayo itawashinda, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Fuso zetu mbili? Tulipofuata mzunguko ule kinyumenyume, tuligundua sehemu ya viroba vya kilo 25 ingeweza kwenda shule mbili za bweni zilizokuwa kwenye daftari la "TULIKOSA" tangu Januari, zikitaka kulipa taslimu. Pesa hiyo ikaingia Jumatano mchana, mama mhasibu akalipa mifuko saa tisa, na kwa bahati mwenye mifuko alikuwa na bunda zetu zimeshachapwa, zimekaa ghalani kwake hapo hapo Mbeya zikisubiri malipo. Madereva walilala ndani ya magari usiku miwili. Alhamisi saa nne wakapakia.